Karatasi ya aleji iliyofuta chakula cha mtoto

Saa nne usiku mdogo wangu wa kike, anayeishi Tabata, alinitumia picha ya karatasi na ujumbe mfupi wa sauti. "Kaka, hebu iangalie hii. Huyu mtoto atakula nini sasa?" Nyuma ya sauti yake nilimsikia mwanawe, miaka mitatu kasoro, akilia kwa kujikuna.

Mtoto ana pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi minne. Inamkaa kwenye viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Mama yake amepaka kila mafuta aliyoelekezwa na majirani na amebadilisha sabuni mara nyingi, mpaka siku alipoona tangazo kwenye simu: pima aleji zaidi ya hamsini kwa sampuli moja ya damu, majibu baada ya siku tatu. Akalipa kwa fedha aliyokuwa akiiwekea ada ya chekechea. Simlaumu hata kidogo. Mzazi anayekesha na mtoto anayejikuna mpaka shuka linapata madoa ya damu hawezi kuipita karatasi inayomwahidi jibu.

Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho. Safu ndefu ya majina, mbele ya kila jina namba, mbele ya namba mstari wa rangi. Kijani vilikuwa vyakula ambavyo mtoto wa Tabata hatavionja maisha yake yote, wakiwemo samaki wa bahari za baridi na jamii za njugu za Ulaya. Njano na nyekundu vilikuwa ngano, maziwa ya ng'ombe, ute wa yai, karanga, soya, mahindi, kamba, nyanya na ndizi. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: epuka vyakula vyote vilivyo kwenye rangi ya njano na nyekundu.

Nilipoisoma mara ya pili ndipo nikashtuka. Ile ilikuwa orodha ya vitu vya jikoni kwao. Mahindi, soya, karanga na ngano ndio unga wa lishe anaopikiwa uji kila asubuhi, ukitiwa maziwa. Ngano ndiyo chapati na maandazi. Nyanya imo kwenye kila mchuzi. Na vyote hivyo, isipokuwa kamba, mtoto alikuwa anavila tangu alipoanza kulikizwa, na hakuna hata siku moja aliyovimba midomo, kutapika au kubanwa kifua baada ya kula.

Swali hilo, alikula nini na kikamfanya nini, hakuna aliyemuuliza mama. Si mpokezi, si aliyemtoa mtoto damu, si aliyemkabidhi bahasha. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kupima vyakula hamsini kwa mkupuo kwa mtoto ambaye hakuna chakula kilichoshukiwa ni kutafuta ugonjwa kwa kurusha nyavu gizani. Utavua kitu, hilo halina shaka, lakini mara nyingi si ulichokuwa unakitafuta.

Tuanze na kile ambacho kipimo kinapima. Damu hutafutwa kingamwili iitwayo IgE. Iligunduliwa katikati ya miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden. Ugunduzi wao ni mkubwa na umeokoa maisha. Mtu mwenye mzio wa kweli wa karanga ana IgE inayoitambua karanga. Ikikutana nayo, seli zake humwaga kemikali iitwayo histamini, na ndani ya dakika chache, au saa moja mpaka mbili hivi, mwili unalipuka: mabaka yanayowasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kifua kubana, na kwa wengine presha kushuka ghafla hata kufa.

Tatizo ni kwamba sentensi hiyo haigeuziki. Kuwa na IgE ya karanga hakumaanishi kwamba karanga zinakudhuru. Fikiria mlinzi wa getini na daftari lake la wageni. Jina lako limo kwa sababu ulipita, na mlinzi anakukumbuka sura. Huwezi kuchukua daftari lile asubuhi ukawapeleka polisi wote walioandikwa, eti kwa kuwa mwizi naye aliandikwa humo. Kipimo cha damu kinasoma daftari. Kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa ncha yenye chembe za chakula nacho kinaeleza kwamba mwili umekitambua chakula, si kwamba umeumizwa nacho. Wataalamu wa mzio wanakubaliana kwamba karibu nusu ya majibu ya "ndiyo" kwenye vipimo hivi, au zaidi, ni ya watu wanaokula chakula hicho bila shida yoyote.

Hapo bado tunazungumzia watoto wa London na Denver. Kwetu daftari limejaa zaidi, na sababu zake zimo humu humu tunamoishi.

Mojawapo ni minyoo na kichocho. IgE ni silaha ambayo mwili huitumia dhidi ya vimelea, na mtu mwenye minyoo huwa na IgE nyingi kwa jumla. Kuna jambo la ndani zaidi. Watafiti waliopima wanafunzi nchini Ghana, kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walikuta watoto wengi wenye IgE ya karanga kwenye damu, lakini walipowachoma ngozi kwa karanga ni wachache sana walioitikia, na mzio wenyewe ulikuwa adimu. Walipofuatilia, wakakuta IgE hiyo inakwenda sambamba na kichocho cha mkojo. Vimelea hubeba sukari fulani juu ya protini zao, na sukari zinazofanana nazo zimo kwenye karanga na mimea mingine mingi. Mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya kichocho, mashine ya maabara ikaandika karanga. Pwani yetu kichocho cha mkojo si mgeni. Mtoto aliyeogelea bwawani likizo kwa bibi anaweza kurudi mjini na karatasi inayomkataza kashata.

Kisha mende. Mende, wadudu wadogo wa vumbi la godoro, na kamba wa baharini wote wana protini moja ya misuli inayofanana, tropomiosini. Atakayezoea kuvuta vumbi la mende anaweza kupimwa akaambiwa ana mzio wa kamba. Jambo hili lilionekana wazi kwa Wayahudi wanaoshika sana dini yao, ambao hawajawahi kula kamba maishani: damu yao ilikutwa na IgE ya kamba, na chanzo kilikuwa wadudu wa vumbi na mende. Niambie ni nyumba ngapi za Dar es Salaam, yenye joto na unyevu huu wa mwaka mzima, hazina mende nyuma ya jiko la gesi au vumbi ndani ya godoro la sufi. Msabato wa Magomeni asiyegusa kamba kwa imani yake anaweza kupewa karatasi inayomkataza kamba, na karatasi ile ingekuwa inamweleza habari za kabati lake la vyombo.

Tena mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiye anayedanganywa zaidi na vipimo hivi, na ndiye anayeletwa kupimwa zaidi. Ngozi iliyochanika ni mlango. Chembe za chakula zilizo kwenye mikono ya watu, kwenye mkeka na kwenye vumbi la ndani hupita hapo na mwili unaziandika. IgE yake ya jumla iko juu, kwa hiyo mistari ya njano inajaa. Pumu ya ngozi ina njia zake za kutuliza, ambazo ni mafuta mazito mara kadhaa kwa siku, dawa ya kupaka iliyoandikwa na daktari, na kuacha sabuni kali. Kwa walio wengi chakula si kiini cha ugonjwa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo neno "hamsini kwa mkupuo" linapoonyesha ubaya wake. Tuchukue watoto 1,000, na tuseme 10 kati yao wana mzio wa kweli wa yai. Tuwape kipimo kizuri kinachowakamata 9 kati ya hao 10, na kinachokosea kwa mtoto mmoja tu kati ya kila 10 wasio na mzio. Wasio na mzio ni 990, kwa hiyo 99 watapewa jibu la uongo. Jumla ya wenye karatasi nyekundu ni 108, na wenye mzio wa kweli ni 9. Kila mama kumi na wawili wanaotoka pale na huzuni, kumi na mmoja wamedanganywa. Hapo ni chakula kimoja. Ukipima vyakula 40, na kila kimoja kikakosea mara 5 tu kwa 100, bila makosa hayo kufuatana, basi watoto 87 kati ya 100 wasio na mzio wowote watatoka na angalau chakula kimoja cha kukatazwa. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa na fundi wake hodari, na bado mambo yakawa hivyo. Kosa liko kwenye kumpima mtu asiye na dalili.

Namba zenyewe zina maana, lakini si ile inayochorwa kwa rangi. Maabara nyingi huanza kuhesabu "ndiyo" kwenye 0.35. Hugh Sampson, daktari wa Marekani aliyeutumikia mzio wa chakula kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2001 kwamba ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kuwa mtoto aliyefika kliniki ya mzio ataumwa akila, namba inapaswa kufika karibu 7 kwa yai, 14 kwa karanga na 15 kwa maziwa. Mpwa wangu yai lake lilisoma 0.8. Lilipakwa nyekundu.

Kuna karatasi ya aina nyingine inayozunguka mjini, na hiyo sina hata neno la kuitetea. Inapima IgG, kingamwili ya aina nyingine, na inauzwa kwa jina la "chakula kisichokubaliana na mwili wako", hasa kwa watu wazima wenye tumbo kujaa gesi na wanaotaka kupungua uzito. IgG ya chakula ni alama kwamba umekila chakula hicho. Jopo la madaktari wa mzio wa Ulaya lilisema wazi mwaka 2008 kwamba aina ya IgG4 inaonyesha mwili umekizoea chakula, na kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta mzio. Wenzao wa Marekani, chama cha AAAAI, mwaka 2012 waliweka kwenye orodha ya mambo ya kuachwa vyote viwili: IgG, na IgE za vyakula vingi bila mpangilio. Mtu anayekula ugali na maharage kila siku akipima IgG ataambiwa aache ugali na maharage. Analipia kuambiwa alichokula jana.

Huyo mwenye gesi, tukiwa hapo, pengine ana jambo la kawaida kabisa. Watu wazima wengi wa nchi hii hupungukiwa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa wanapokua, ingawa jamii za wafugaji wengi wao hubaki nacho. Akinywa nusu lita ya maziwa freshi tumbo linanguruma. Huo si mzio, haumuui mtu, na mtindi mara nyingi unamkubali.

Watu wengi huniambia: hata kama karatasi inakosea, si afadhali kujihadhari? Kinga ni bora kuliko tiba. Ningeikubali hoja hii kama kuacha chakula kungekuwa hakuna gharama. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, kumwondolea mtoto yai, maziwa, karanga na soya kwa pamoja ni kumwondolea protini karibu yote ambayo mfuko wa mama yake unaimudu. Wazungu wakikatazwa maziwa wana makopo ya kila aina ya kuyabadilisha. Mdogo wangu alibaki na uji wa muhogo wenye sukari. Kwenye kadi ya kliniki ule mstari wa uzito, uliokuwa ukipanda taratibu tangu alipozaliwa, ulilala kwa miezi mitatu, kisha ukaanza kushuka. Nimeiona kadi hiyo kwa macho yangu. Mkunga aliyempima aliuliza kama mtoto alikuwa ameugua.

Na kuna gharama ya pili, nayo ni ya kutisha zaidi. Kuacha chakula kunaweza kuuzaa mzio ambao haukuwepo. Mwili wa mtoto hujifunza kukivumilia chakula kwa kukila. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio hatarini wasipewe karanga mpaka miaka mitatu, na wakauondoa ushauri huo mwaka 2008 baada ya kuona hauna msingi. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London wakachapisha utafiti wa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga tangu wachanga, nusu wakazikwepa. Walipofika miaka mitano, waliokwepa walikuwa na mzio wa karanga asilimia 17 hivi, na waliokula asilimia 3. Madaktari pia wameona watoto wa pumu ya ngozi waliokuwa wakinywa maziwa vizuri, wakaachishwa kwa sababu ya karatasi, na walipoonjeshwa tena baada ya miezi wakavimba na kubanwa kifua kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana nawasihi wazazi ambao tayari wameshamwachisha mtoto chakula kwa muda mrefu: msikirudishe nyumbani kimya kimya kwa kusoma makala kama hii. Mwoneni daktari kwanza.

Sitaki mtu aelewe kwamba nasema mzio ni ugonjwa wa kufikirika. Upo, unaua, na wenye mzio wa korosho au samaki hapa mjini wanaishi na hofu ambayo wengine wetu hatuijui. Watu hao ndio wanaoumizwa zaidi na karatasi hizi. Kila mtu akishakuwa na "aleji", anayesema jikoni kwa mama lishe kwamba akila kamba atakufa anaonekana anadeka. Isitoshe, karatasi ya kijani si kinga. Kuna mizio ya chakula isiyopitia IgE kabisa, na ukubwa wa namba hauelezi mtu ataumwa kiasi gani.

Kinachotenganisha mzio na kisichokuwa mzio ni habari kamili, isimuliwe taratibu na isikilizwe. Nitoe mfano wa jodari. Mtu anakula jodari au vibua jioni, nusu saa baadaye uso umewaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, moyo unakwenda mbio. Kesho yake anakwenda kupima aleji ya samaki. Daktari anayejua kazi angeuliza swali moja: nani mwingine alikula? Kama na shemeji na watoto waliwashwa, shida ni samaki yule aliyekaa juani bila barafu tangu alipotoka soko la samaki la Feri. Nyama ya samaki wa jamii hiyo ikiachwa kwenye joto hujitengenezea histamini, na kuipika hakuiondoi. Kipimo cha damu hakiwezi kulijua hilo. Swali la dakika moja linalijua.

Najua dakika hiyo ni ghali. Foleni za kliniki za watoto tunazijua, na daktari mwenye wagonjwa sitini mbele yake hana muda wa kusikiliza safari ya mtoto tangu uji wa kwanza. Maabara binafsi imeingia kwenye pengo hilo na kuuza karatasi badala ya mazungumzo. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasimamia ubora wa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na hiyo ni kazi muhimu, lakini kitendanishi bora kinachotumiwa kwa mtu asiyestahili kupimwa bado kinatoa jibu bovu. Ningetaka kuona maabara zinazuiwa kuuza moja kwa moja kwa wazazi vipimo vya mkupuo vya chakula bila fomu ya daktari inayotaja chakula kinachoshukiwa na kilichotokea. Ningetaka ile sentensi ya "epuka vyote" ifutwe kwenye karatasi zote. Maabara haijamwona mtoto, haina haki ya kumpangia sahani. Na mzazi anayeshuku chakula aanze na daftari la shule la kawaida: alikula nini, saa ngapi, nini kilitokea, baada ya muda gani, na je, kilijirudia alipokula tena. Akifika na kurasa mbili za namna hiyo, daktari atajua apime kimoja au viwili, au asipime kabisa.

Mdogo wangu alimpeleka mwanawe kwa daktari wa watoto mwenye uzoefu wa mzio. Daktari aliiangalia karatasi kwa muda mfupi, akaiweka pembeni, akamwambia, "Mama, nisimulie mtoto alivyokuwa anakula zamani." Walizungumza karibu saa nzima. Ngano, mahindi, nyanya, ndizi na soya vilirudi kimoja kimoja. Maziwa na yai, kwa kuwa alikuwa ameviacha miezi mitano, alitaka virudishwe mbele ya macho yake, na sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa tayari mezani.

Siku ya yai nilikwenda nao. Muuguzi alilimenya yai lililochemshwa, akakata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, akampa. Dakika ishirini. Kipande cha ukubwa wa harage. Dakika ishirini tena. Mama yake alikuwa anamwangalia midomo bila kupepesa macho, mimi namwangalia mama. Kipande kikazidi kukua mpaka yai likaisha, kisha tukakaa saa mbili kwenye benchi tukisubiri kitu ambacho hakikuja. Mtoto alichoka, akateremka, akamfuata muuguzi mpaka mezani kwake na kumwuliza kama kuna jingine, lenye chumvi.